Ruhusa ya Mteremkoni

Jumatatu, 3 Machi

Chiriku, mjukuu wangu,

Nimewaficha jambo kwa miaka thelathini na minane. Wote mnajua kwamba niliacha kazi ya upimaji ardhi kwa sababu ya mgongo. Bibi yako alikufa akiamini hivyo, na baba yako mpaka leo huwasimulia watu jinsi nilivyokuwa nikibeba mnyororo wa chuma wa kupimia begani. Mgongo wangu haukuwa na kasoro yoyote. Niliacha kwa sababu ya kipande kimoja cha ardhi, na habari yake nitakueleza kabla sijaondoka. Si leo. Leo nimeandika mistari hii michache tu na tayari nimeinuka kitini mara tatu.

Usishtuke kwa neno kuondoka. Daktari alinizungusha kwa maneno ya upole, nikamwambia mimi ni mtu wa vipimo, anipe namba. Akasema ni miezi, si miaka. Figo zimechoka. Shangazi yako ananipangia vidonge kwenye kikopo na kunihesabia kama mwalimu wa chekechea. Simu siisikii tena, na ujumbe ukiingia yeye huusoma kwa sauti ya taarifa ya habari, jirani wote wakasikia. Kwa hiyo wewe niandikie barua.

Sasa swali lako. Nimesoma maelezo ya mchezo wenu mara mbili nihakikishe nimeelewa. Wewe na wasoma mita wenzako wawili, kila Ijumaa wakati wa chai, mnarusha dadu. Namba zinazotoka mnazigeuza kuwa latitudo na longitudo, na popote nukta inapoangukia, mmoja wenu lazima afike, asimame juu yake, apige picha. Zawadi hakuna. Sheria kubwa ni moja: hakuna kukanyaga ardhi ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe, kwa kinywa chake. Shangazi yako anasema huo ni wazimu. Mimi nasema ni upimaji usio na mshahara.

Unauliza kwa nini mageti matatu yamekufungia. Ni kwa sababu unafika umeshika simu mkononi, unaonyesha ramani kabla hujasalimia. Ramani humtisha mwenye ardhi kuliko panga. Simama nje, si kizingitini. Salimia mpaka salamu ziishe. Taja wewe ni nani na umetoka kwa nani. Sema unachotaka kwa sentensi moja, tena sema kwamba akikataa hutakasirika. Halafu nyamaza. Hapo ndipo watu wengi hushindwa. Wakishaomba wanaendelea kuomba, mpaka anayeombwa anahisi anasukumwa. Omba mara moja, kisha umwachie ukimya autumie yeye.

Nimeinuka mara ya nne. Nakomea hapa.

Babu yako


Jumatano, 12 Machi

Babu, shikamoo.

Nililia kidogo juu ya zile figo, kisha nikakasirika kwamba umenipa habari hiyo katikati ya barua kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nitakuja mwisho wa mwezi wa tano nikipata likizo. Unisubiri.

Ushauri wako ni dawa. Nukta ya juzi iliangukia nyumbani kwa fundi cherehani, tena si uani, ni chumbani, uvunguni mwa kitanda. Wenzangu walisema tuiandike imefungwa. Nikaenda peke yangu. Nikasimama nje, nikasalimia mpaka salamu zikaisha, nikasema sentensi yangu moja, nikanyamaza. Fundi alinitazama, akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Mgeni wa uvunguni tulishamfukuza mmoja. Wewe angalau umebisha hodi." Fundi akatazama cherehani yake. Sikuuliza. Nikaingia kwa tumbo na tochi, nikapiga picha, nikatoka na vumbi na kitufe cha koti alichokitafuta mwaka mzima. Sasa tuna nukta ishirini na tatu.

Ya wiki hii iko mbali, kama kilomita thelathini kutoka mjini, kwenye vilima vya machimbo ya mawe. Nimeulizia: kuna mama mmoja mfuga nyuki, anakaa peke yake juu ya mteremko, hapendi wageni. Nakuandikia namba zenyewe chini ya karatasi, maana najua utapenda kuzitafuta kwenye ramani zako za zamani. Huenda ulipita huko ujanani. Nimepanga kwenda Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili.

Na hilo jambo la mgongo, babu. Huwezi kumfungulia mtu mlango nusu halafu umwache amesimama na upepo. Kipande gani cha ardhi?

Chiriku


Alhamisi, 20 Machi

Chiriku,

Usiende huko.

Nimezitazama namba zako. Njia ni mbaya, daraja la mto lilizolewa na maji, na nyuki wa vilima vile ni wakali, waliwahi kuua ng'ombe. Huyo mama nimesikia ni mgomvi. Rusheni dadu upya. Mchezo ni mchezo, hakuna anayewaandikia maksi.

Ninaandika nikiwa nimeegemea dirisha kwa sababu kukaa siwezi na kulala siwezi. Shangazi yako ameondoa zulia la ukumbini nisije nikajikwaa, maana natembea kutwa, ukutani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka ukutani. Leo ameniuliza natafuta nini. Nimemwambia miwani. Ilikuwa usoni.

Ukiipata barua hii kabla ya Jumamosi, nijibu upesi kwamba hutakwenda.

Babu yako


Jumamosi, 29 Machi

Babu, shikamoo.

Barua yako ilifika Jumatatu, mimi nimeshakwenda na kurudi. Daraja ni zima, babu, la zege, na mkazi mmoja wa pale aliniambia lina miaka kumi na halijawahi kuguswa na maji. Nyuki nao walikuwa na shughuli zao.

Mfuga nyuki si mgomvi. Nilisimama nje ya geti lake lililotengenezwa kwa mabomba ya maji, nikafanya yote uliyonifundisha. Alinyamaza kirefu, nami nikanyamaza. Mwishowe akacheka, akasema hajawahi kuombwa vizuri hivyo tangu azaliwe, hata na marehemu mumewe. Akanikaribisha chai. Jikoni kwake kuna vyombo viwili viwili vya kila aina, kama mtu anayetazamia mgeni asiyefika. Akaniuliza nani kanifundisha kuomba ruhusa. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni babu yangu, alikuwa mpima ardhi, mtu wa haki.

Akaweka kikombe chini. Akauliza ofisi gani, miaka gani. Nikamwambia. Akauliza kama babu yangu alikuwa mrefu, mwenye kuinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza. Nikasema ndiyo, ndivyo unavyoinamisha. Basi akanitoa nje akanionyesha. Nukta yangu iko chini ya mteremko, ng'ambo ya uzio wa waya, ndani ya machimbo. Kuna shimo pale linaloweza kumeza mtaa wetu mzima. Akasema, "Hapo palikuwa na chemchemi. Ruhusa ya hapo kaombe kwa wenye kokoto, mimi si kwangu tena."

Alinieleza yaliyotokea bila kupandisha sauti. Baba yake aliambiwa kwamba ameridhia mwenyewe sehemu ya chini ipimwe na kukatwa. Akasema hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemwamini. Wanawe wa kiume walidhani amewauza kimyakimya akaficha alichopewa, wakachimba mpaka chini ya kitanda chake, hawakukuta kitu, wakasema basi amekificha vizuri. Wakahama. Siku ya maziko yake mwana mkubwa alisimama nje ya geti mpaka kaburi likafukiwa, akaondoka. Mdogo alikufa ugenini. Mkubwa yuko hai.

Babu, nani alipima mteremko ule? Naomba uniambie si wewe, au uniambie ni wewe. Lakini usiniambie habari za daraja.

Amechukua anwani yako. Sikuweza kumnyima.

Chiriku


Jumapili, 6 Aprili

Kwa mzee mpima ardhi,

Shikamoo nimeizuia kwa sasa. Nikishajua ninamwandikia nani, nitaitoa au nitabaki nayo.

Mjukuu wako ni mtoto mwenye adabu. Asingekuja kwa namna aliyokuja, nisingekuandikia.

Ninayo nakala ya ile fomu ya ridhaa. Nilihangaika miaka saba kuipata. Kila karani niliyemwendea alikuwa amehamishiwa dirisha jingine. Fomu inasema mwenye ardhi ameelezwa, ameelewa na amekubali. Saini ya mpimaji ni ya mizunguko, haisomeki. Upande wa mwenye ardhi pana alama ya dole gumba.

Baba yangu alijua kuandika. Hakusomeshwa na mtu. Alijifundisha kwa mkaa ukutani, kisha kwa kalamu, na mwandiko wake aliuonea fahari kuliko ng'ombe zake. Hata risiti ya chumvi aliitia saini. Mtu kama huyo anaachaje kalamu akapaka dole wino? Nilipowaonyesha kaka zangu fomu nilidhani jambo limekwisha. Kaka mkubwa akaitazama, akasema mzee alikuwa mjanja: aliweka dole makusudi ili baadaye aje akane, aseme mimi mwenye kalamu ningewekaje dole. Ukishaamua kutomwamini mtu, hata ushahidi wake unakuwa wizi mwingine.

Sasa kaka ana umri wa miaka sabini na mitatu na amelainika kidogo. Amekubali kuja tarehe kumi Mei. Itakuwa mara ya kwanza kuvuka geti letu tangu aliposimama nje yake. Lakini ametoa sharti: kabla hajakaa, niandike na kutia saini kwamba baba aliridhia na akatuficha. Anasema amechoka kuambiwa alimwonea mzee, anataka maandishi apumzike. Mimi ndugu nimebaki naye mmoja tu. Nikiandika, nitakuwa nimempata kaka kwa kumuuza baba. Nisipoandika, atageuza gari pale pale getini, na kwa umri wetu hakuna mara ya pili.

Nimemsikia mjukuu wako namna anavyoomba, nami naiga. Mimi ni binti wa mwenye mteremko. Naomba ruhusa ya kuja nyumbani kwako nikuulize uso kwa uso. Ukikataa sitakasirika.

Mfuga nyuki


Jumanne, 15 Aprili

Mama mfuga nyuki,

Nimepokea barua yako na nimeisikitikia familia yako.

Ni kweli kwamba nilikuwa katika kikosi kilichopima upande ule. Vipimo vyenyewe ninavikumbuka, vilikuwa sahihi. Kuhusu fomu, utaratibu wa ofisi ulikuwa na hatua nyingi, na karatasi zilipita katika mikono ya watu wengi, makarani na wasaidizi, ambao baadhi yao ni marehemu. Baada ya miaka mingi hivi si rahisi mtu kusema kwa uhakika nani alifanya lipi. Huenda pia baba yako, kwa sababu alizozijua mwenyewe, aliona wepesi kuweka dole siku ile.

Kuhusu kuja kwako, hali yangu ya afya hairuhusu wageni kwa sasa. Nakuombea heri katika kikao chako na kaka yako.

Mpima ardhi mstaafu


Alhamisi, 24 Aprili

Babu,

Mfuga nyuki alinipa barua yako niisome. Aliisoma yeye kwanza, mara mbili, mbele yangu, akaikunja, akasema neno moja tu: mwandiko mzuri.

Shangazi ameniandikia kwamba huli. Kwamba umetoa ramani zote kabatini ukazitandika sakafuni, unatembea juu yake bila viatu, na akikugusa unaruka kama uliyeungua. Anadhani ni dawa zinakuchanganya. Sijamwambia chochote.

Mchezo nimeuacha. Wenzangu walirusha dadu Ijumaa, nukta ikaangukia bustani ya mwalimu mmoja mstaafu, pahali pepesi kabisa. Nikafika getini, nikasalimia, nikajitaja. Nilipofika penye kusema nimetoka kwa nani, ulimi ukagoma. Nikamwomba radhi mwalimu wa watu nikaondoka, akabaki ananishangaa na mpini wa kopo la kumwagilia mkononi, maana kopo lenyewe lilikuwa limemwangukia.

Leo ni tarehe ishirini na nne. Kikao chao ni tarehe kumi. Mama yule ameshanunua daftari jipya la kuandikia kile anachotakiwa kuandika. Nimeliona mezani. Hajaandika kitu.

Mimi si hakimu wako, babu. Wewe ndiwe uliyenifundisha kufunga kamba za viatu na kusoma jua. Nilikuuliza barua iliyopita. Sasa nafanya ulivyonielekeza: nimeomba mara moja, nanyamaza.

Chiriku


Ijumaa, 2 Mei

Mama mfuga nyuki,

Nakala ya barua hii nimempelekea mjukuu wangu, kwa sababu naye nilimdanganya, mara tatu kwa hesabu yangu: daraja, nyuki, na wewe. Ile niliyokuandikia wewe tarehe kumi na tano ichome. Kila neno ndani yake lilikuwa sahihi isipokuwa maana yake.

Shikamoo yako usiitoe. Soma kwanza.

Mwezi ule nilikuwa na fomu sita za kukusanya katika vilima vyenu. Mkuu wangu alizitaka Jumatatu asubuhi, na alikuwa amenidokeza kwamba kiti cha msaidizi wake kiko wazi. Tatu nilizipata. Wawili walinikatalia, mmoja kwa matusi, mmoja kwa machozi, na nilijua nikirudi na mbili pungufu nitasemwa, lakini nikirudi na tatu pungufu kiti kitakwenda kwa mwingine. Wa sita alikuwa baba yako.

Nilifika Jumamosi mchana. Mvua ilikuwa inaanza. Nilisimama getini, wakati ule lilikuwa la miti, na mbwa alikuwa amefunguliwa. Baba yako nilimwona chini kabisa, karibu na chemchemi, anakata majani ya mifugo. Alivaa kaptula iliyochanika na gunia kichwani dhidi ya mvua. Akaniona. Akainua mkono. Nikainua wangu. Kisha akawa anapanda kuja, taratibu, na mzigo wake wa majani, kama mtu anayejua mgeni atamsubiri.

Sikumsubiri. Nilimwona anakuja kuniambia hapana; niliiona hapana yenyewe katika mwendo wake. Kama nisingeuliza, hangekataa. Hesabu ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nikarudi garini, dereva akawasha. Nilimwambia dereva kwamba mzee ameridhia, tumemalizana. Nilipogeuka baba yako alikuwa amefika getini, ameshika mti wa juu, anatutazama.

Vipimo vilifanywa siku kumi baadaye, mlipokuwa nyote mmekwenda harusini. Hilo nalo tulilijua mapema.

Baba yako alikuja ofisini mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilimsikia kaunta akieleza, sauti ya chini, yenye adabu, na karani akimwonyesha fomu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikipanga majalada. Karani alimpa kitabu cha wageni na kile kidau cha wino, maana fomu ilisema mtu huyu hajui kuandika. Baba yako akasogeza kidau pembeni kwa mgongo wa mkono. Akaomba kalamu. Akaandika jina lake lote, la baba yake na la mahali alipozaliwa, kwa herufi ambazo mimi na shule zangu zote sikuwahi kuziandika. Halafu akanigeukia, mimi, kwa sababu nilikuwa karibu, akauliza kwa upole, "Samahani mwanangu, mpimaji aliyekuja kwangu nitampata wapi? Nataka tu aniambie ni lini aliniuliza."

Nikamwambia mpimaji yuko kazini mbali, hatarudi wiki hiyo.

Akanishukuru.

Mwezi uliofuata niliandika barua ya kuacha kazi kwa sababu ya mgongo. Kiti cha msaidizi nilikuwa nimekwisha pewa. Nilikikalia siku kumi na tisa. Nimewafundisha watoto na wajukuu namna ya kuomba ruhusa, na watu husema nina adabu ya pekee mlangoni kwa mtu. Yote niliyomfundisha Chiriku ni yale ambayo sikuyafanya getini kwenu, nimeyapanga moja moja.

Habari za kaka zako sikuzijua mpaka mjukuu wangu aliponiandikia. Hilo halinipunguzii kitu. Kama ningejua miaka ile, nadhani ningenyamaza vile vile, na kwa kuwa naungama ni bora niungame na hilo.

Umeomba ruhusa ya kuja. Njoo. Usingoje kikao, njoo kabla ya tarehe kumi, na ukiweza mlete kaka yako, hata kama atasimama nje, nitabebwa mpaka nje. Binti yangu nimemweleza yote leo asubuhi. Amekaa jikoni, hajazungumza nami bado, lakini amekubali kufungua mlango. Mje na fomu, na mje na mtu wa polisi anayejua kulinganisha alama, msichukue neno langu tu, maana neno langu mmeshaliona lilivyo. Fanyeni haraka. Daktari amepunguza namba aliyonipa, na nikishazikwa hakuna atakayeweza kuthibitisha tena.

Uliniuliza mtu mwenye kalamu angewekaje dole. Jibu ni kwamba hakuweka. Nilitazama kaptula ile na gunia lile nikaamua kwamba mtu huyu hajui kuandika, nami nikaijaza fomu ndani ya gari, kabla hatujafika barabara kuu, dereva akiwa ameteremka kubadilisha gurudumu. Kidau kilikuwa magotini mwangu.

Dole lililo kwenye fomu ya baba yako ni langu.

Mpima ardhi